Mgeni Rasmi Hakai Ndani ya Boti ya Mbio

Boti ya mbio za makasia haijui cheo cha mtu. Ile niliyoiunda Levolosi, kwenye karakana yetu ya mapaa ya faiba ya magari ya watalii, niliichora kwa uzito wa mtu mmoja: binti wa kijiji cha Kikwe aliyekuwa anakwenda Mwanza kushindania nafasi katika timu ya taifa. Nilimpima yeye mara mbili, boti mara mbili, kisha wote pamoja majini.

Kamati ya usharika wa kanisa letu, iliyochangia hiyo boti, ikaja kuikagua. Mwenyekiti, mzee wa Kikatiti, akaigonga kwa kidole kama anayechagua tikiti maji.

"Sasa mgeni rasmi atakaa wapi?"

Nikamwambia hakai. Atakata utepe, atakunywa soda, ataondoka. Akanitazama kama nimetukana madhabahu. Kwetu hata choo cha shule hakizinduliwi mpaka mgeni rasmi aingie kwanza. Tukavutana. Alianza na kiti na mwavuli. Nikamshusha mpaka picha moja, mgeni ameishika boti kando ya maji. Tukapeana mikono. Mimi mkono nikishapewa huwa najua biashara imeisha.

Asubuhi ya uzinduzi, pale ziwani Duluti, nikakuta kiti cha plastiki kimekazwa nyuma ya nafasi ya mpiga kasia. Kwa skrubu nne, zilizotoboa mpaka tumbo la boti. Nikahesabu tena, labda ni tatu.

Mwenyekiti akanituliza kwamba seremala wake ni mtu wa kuaminika, ndiye aliyetengeneza mimbari.

"Mimbari haielei, mzee."

Nikaking'oa kiti mbele ya mgeni rasmi na kwaya yake. Faiba ya kuziba matundu hutaka kulala usiku mzima bila kutikiswa ndipo ikauke, na gari la Mwanza lilikuwa linaondoka saa nane mchana, mbio ni kesho yake asubuhi. Nikaziba hivyo hivyo. Binti akanishikia kopo la gundi, akauliza kama itahimili.

"Nusu ya mbio," nikasema. Sikuwa na bei nyingine ya kumpa.

Ilihimili zaidi kidogo ya nusu. Alikuwa wa kwanza mpaka maji yalipomfika vifundo vya miguu. Akamaliza wa tatu, na walikuwa wanachukua wawili.

Jumapili taarifa ya kamati ilisomwa kanisani: uzinduzi ulifana sana, mgeni rasmi alishukuriwa. Mbio hazikutajwa.