Chumba cha Kompyuta Kilichomsubiri Mgeni Rasmi

Niliondoka nyumbani Mwananyamala Jumamosi asubuhi kwa sababu ya hasira, na sioni haya kulisema hilo mwanzoni kabisa. Siku iliyotangulia nilipigiwa simu na Anyisile, rafiki niliyesoma naye chuo, ambaye sasa anafundisha fizikia na kompyuta katika shule moja ya sekondari huko Chanika. Aliniambia kwamba shuleni kwao kuna chumba kimejaa kompyuta mpya. Zimepangwa mezani, umeme umevutwa, viti vipo. Lakini mlango umefungwa tangu muhula uliopita, umevishwa utepe, kwa sababu anasubiriwa mgeni rasmi aje kuzizindua. Mpaka aje, hakuna ruhusa ya kuzigusa. Wanafunzi wake wanaandika programu kwa chaki.

Nilidhani ananitania. Nikamuuliza watoto wanajuaje kama walichoandika kinafanya kazi. Akasema, "Mie ndiye kompyuta. Wanaandika ubaoni, nasoma mstari kwa mstari, nawaambia kingetokea nini."

Kazi inayonilisha ni kuandika programu. Nilizaliwa Temeke, kwa wazazi waliotoka Masasi, na kazi hii nilijifunza katika chumba cha intaneti cha mjomba wangu kule Tandika, kwenye mashine zilizokuwa zikizimika zenyewe. Kila ninachokijua nilikijua kwa kukosea mbele ya mashine, kisha kukosea tena. Kumfundisha mtoto programu kwa chaki ni kumchorea bahari ubaoni ukamwambia aogelee. Nikaazima gari la mdogo wangu, nikaweka kompyuta yangu ya mkononi kiti cha nyuma, nikaondoka.

Buguruni foleni ilinikuta nikisikiliza redio. Walikuwa wakijadili sayansi, na mheshimiwa mmoja alikuwa akieleza kwa sauti tamu jinsi taifa litakavyokuwa na satelaiti zake, jinsi vijana wetu watakavyoandika programu za kuiongoza dunia. Mtangazaji alimshukuru sana. Hakuna aliyemuuliza vijana hao watajifunzia wapi. Niseme wazi kwamba mimi napenda mambo ya anga. Natamani siku moja chombo kilichotengenezwa na watu wetu kizunguke juu ya vichwa vyetu. Ndiyo maana maneno yale yaliniuma. Nilizima redio kabla hajamaliza.

Kipawa nilisimama kununua nyaya za kuongezea umeme, maana Anyisile alinitahadharisha kwamba soketi hazitoshi. Mwenye duka, baba wa makamo aliyevaa kofia ya kufuma, alitaka kujua naenda kufanya nini. Nilipomweleza kuhusu watoto na satelaiti na yule mheshimiwa, alitikisa kichwa. Ndege ilipita juu yetu ikitua, akangoja kelele zipungue.

"Sista, mambo ya angani tuwaachie wenyewe," alisema. "Sie tumalize kwanza shida za huku chini."

Nilimuuliza mvua zinaanza lini, akasema wiki ijayo. Nikamuuliza amejuaje. Akasema ameona kwenye simu. Nikamuuliza simu imejuaje. Alicheka kidogo, akanifungia nyaya zangu kwenye mfuko. Sikumlaumu sana. Kuna wanaosema anga si letu, na kuna wanaolipenda anga wakiwa jukwaani tu, kipaza sauti kikizimwa nalo limeisha. Hawa wa pili ndio wanaowazaa wale wa kwanza. Mtu akiahidiwa nyota kila mwaka na barabara yake haipitiki, atazichukia nyota.

Ukonga magari yalisimama tena, karibu na gereza. Nilikaa nikiutazama ule ukuta mrefu, nikawaza kwamba humo ndani angalau kila mlango uliofungwa una sheria iliyoufunga, na aliyefungiwa anaweza kutajiwa kifungu. Kule nilikokuwa nakwenda, kwa maelezo ya Anyisile, hapakuwa na kifungu chochote. Palikuwa na simu tu, iliyopigwa na mtu asiyetajwa.

Pugu Kajiungeni nikaingia barabara ya Chanika. Huku hewa inabadilika. Mihogo inaota ubavuni mwa nyumba ambazo hazijapakwa rangi, mabati mapya yanamulika macho, na kila baada ya mwendo kidogo kuna mtu anafyatua matofali. Ni watu waliohamia kutafuta kiwanja cha kuweka familia, na wamezaa, na watoto wao wanahitaji shule. Shule ya Anyisile imejengwa juu ya kilima kidogo, na bonde moja linaitenganisha na mtaa wanakotoka wanafunzi wengi.

Nilipofika walikuwa darasani, ingawa ilikuwa Jumamosi. Anyisile alinitambulisha kwa klabu yao ya sayansi, wasichana kwa wavulana, wakasimama wote wakaniamkia shikamoo. Kisha akamwita Zuhura, wa kidato cha tatu, anieleze wanachokifanya.

Zuhura alizungumza akitazama ubao, si mimi. Alisema kwenye lile bonde kuna kijito ambacho siku nyingi unakivuka bila kulowesha kifundo. Lakini mvua ikinyesha kule juu vilimani, maji huja ghafla hata kama shuleni jua linawaka. Masika iliyopita mwenzao alisombwa. Wachoma mkaa walimwokoa, ila mguu ulivunjika, akapoteza muhula mzima. Baada ya hapo klabu iliweka chupa zilizokatwa kupimia mvua kwa watu wanaowafahamu kule juu, ambao hutuma vipimo kwa simu ya Anyisile kila asubuhi. Programu aliyoiandika Zuhura inapokea vipimo hivyo na kujibu moja kati ya mambo matatu: vuka, subiri, au zunguka barabarani. Ilikuwa imejaza ubao wote, herufi ndogo zilizonyooka.

"Sijui kama inafanya kazi," alisema. "Mwalimu anasema inafanya, lakini mwalimu anatupenda."

Wenzake walicheka. Mimi sikuweza. Nilitoka nje nikaenda ofisini kwa mkuu wa shule.

Mkuu alikuwa Mwalimu Mbilinyi, mzee mrefu mwenye sauti ya chini, mtu wa Njombe, aliyebakiza muda mfupi tu astaafu. Nilimwamkia, akanikaribisha kiti, akaagiza niletewe maji. Alijua nilichokifuata.

"Binti yangu, maagizo ni maagizo," alisema.

"Yameandikwa wapi, mkuu?"

"Hayajaandikwa. Nilipigiwa simu."

"Basi hakuna karatasi inayokataza."

"Wala hakuna inayoruhusu," alisema. "Wewe hujawahi kuwa mkuu wa shule."

Hapo nilimwaga yote niliyokuwa nimeyabeba tangu Buguruni. Nilimwambia kwamba watoto wale wamefanya sayansi kwa chupa za maji na chaki, wakati serikali imewaletea vyombo na kuwawekea utepe. Nilimwambia kwamba mvua haisubiri mgeni rasmi. Nilimwambia kwamba mtoto mwingine akisombwa bondeni, yeye ndiye atakayesimama msibani kutoa rambirambi, si aliyempigia simu. Sauti yangu ilikuwa imepanda, na makarani wa chumba cha pili walinyamaza kusikiliza.

Mzee alifungua mtoto wa meza, akatoa funguo, akaziweka juu ya meza kati yetu. Akasema ana msiba Zingiziwa, atarudi jioni. Akachukua kofia yake akatoka.

Nilielewa, au nilidhani nimeelewa. Anajiondoa ili kesho aweze kusema hakuwepo. Nilimdharau kwa hilo zaidi kuliko kama angenikatalia.

Mlango wa mbele ulikuwa na utepe uliopauka kwa jua. Hatukuugusa. Tulizunguka nyuma, ambako kuna mlango mdogo wa dharura, na ufunguo ukazunguka kwa shida. Joto la mle ndani lilitupiga usoni, joto la chumba ambacho hakijapumua kwa miezi. Kisha tukaona mavi ya panya. Walikuwa wametafuna nyaya za meza nzima ya ukutani, na mchwa walikwisha kupanda mguu wa meza moja hadi kwenye kasha lililokuwa halijafunguliwa. Kompyuta zilizokuja kwa kodi za watu zilikuwa zikiliwa kimyakimya na panya na mchwa, ambao hawakuhitaji kibali.

Anyisile alikaa kwenye kiti akashika kichwa. Mimi nilikuwa na hasira ya kulia. Wanafunzi ndio waliotutoa pale. Walitafuta mafagio, wakafungua madirisha, wakaanza kutenga nyaya nzima na zilizokatwa. Tulizijaribu mashine moja baada ya nyingine. Baadhi ziligoma kabisa. Nyingine ziliwaka, na kila ilipowaka moja, wote walisogea kuitazama kana kwamba mtoto kazaliwa.

Zuhura aliuliza kama aiache ile plastiki ya kiwandani iliyobandikwa kwenye kioo. Nikamwambia aibandue.

Nilimwekea lugha ya programu kutoka kwenye kompyuta yangu, akaanza kuchapa. Hakujua kuchapa, kwa hiyo alitafuta kila herufi kwa kidole kimoja, na wenzake wakimsomea kutoka kwenye picha ya ubao niliyoipiga kwa simu. Alipomaliza akaiendesha. Ikagoma. Kulikuwa na alama moja iliyokosekana. Akaitafuta mwenyewe, akanikataza nisimwonyeshe. Safari ya pili ilikubali. Akaingiza mvua kubwa, ikajibu: zunguka barabarani. Akaingiza mvua ndogo, ikajibu: vuka.

Wenzake walianza kupiga makofi, lakini yeye alikuwa bado ameinama. Alibonyeza bila kuingiza kipimo chochote, kama vile wale wa juu hawajatuma. Mashine ikajibu: vuka.

Alirudisha mikono mapajani. "Hii ni mbaya," alisema. "Kama simu ya kule juu haina chaji, sisi tunaambiwa tuvuke."

Anyisile alisogea. Kwa chaki hakuwahi kuliona hilo, kwa sababu yeye alipokuwa kompyuta, daima alikuwa na kipimo mkononi.

"Kutojua siyo sifuri," alisema Zuhura, akaanza kufuta mstari uliokihesabu kipimo kilichokosekana kuwa sifuri.

Nimekaa katika mikutano mingi ya watu wazima, nikasikia mipango ya elimu na ya teknolojia ikisomwa, na sijapata kusikia kosa la mipango hiyo likielezwa vizuri namna ile. Shule ambayo haijalalamika inahesabiwa kuwa haina shida. Chumba ambacho hakijaripotiwa kinahesabiwa kuwa kinatumika. Kule mezani kwa wanaopanga, ukimya unasomeka kama heri, na wanajibu: vuka.

Jioni, Mwalimu Mbilinyi alirudi kutoka msibani. Alisimama kwenye mlango wa nyuma akawatazama wanafunzi wakiwa wamezizunguka mashine, akazitazama nyaya zilizotafunwa ambazo tulizikusanya kwenye ndoo. Aliuliza kama tumekula. Kisha akapokea funguo. Sikumshukuru. Nilimuaga kwa heshima ya mdomoni tu, nikawasha gari.

Njia ya kurudi niliipita huku nikigombana na watu wasiokuwepo. Pugu mawingu yalikuwa yametanda, Ukonga giza likaingia, na hadi nafika Mwananyamala nilikuwa nimekwisha kutunga hotuba nzima.

Jumatatu nilipata nafasi ya kuitoa. Alinipigia simu mtu aliyejitambulisha kuwa afisa wa elimu, akataka kujua nani alinipa kibali cha kuingia kwenye mali ya serikali kabla ya uzinduzi. Nilimuuliza nani aliwapa panya. Alisema mimi ni mtovu wa nidhamu na kwamba mkuu wa shule ameitwa kujieleza. Nilimwambia ajieleze tu, maana hakuwepo, alikuwa msibani, na Mungu shahidi. Nilifurahi kulisema hilo. Nilijiona nimemsaidia mzee kuupata uongo aliokuwa ameutayarisha.

Wiki ile Anyisile ndiye aliyenieleza kilichotokea. Mwalimu Mbilinyi alikaa mbele ya maafisa wa elimu, na walipomwambia kwamba wanafahamu hakuwepo, aliwakatalia. Alisema funguo alizitoa yeye, kwa mkono wake, kwa watu aliowaamini. Alisema msibani alikwenda kwa sababu kulikuwa na msiba. Wakampa nafasi ya kunitaja mimi kuwa nilimlazimisha. Akasema hapana, hakulazimishwa.

Walimvua ukuu wa shule. Amepelekwa shule nyingine, mbali zaidi na nyumbani kwake, kufundisha jiografia hadi atakapostaafu. Chumba, kwa upande wake, hakikufungwa tena. Hakuna mgeni rasmi anayetaka kuzindua kitu kilichokwisha kutumika, na waliona aibu kuwafungia watoto kwa mara ya pili.

Nilimpigia simu mzee. Nilitaka kumwomba radhi na maneno yakawa hayatoki vizuri. Alinisikiliza, kisha akasema taratibu:

"Ulinisema vizuri, binti yangu, na mengi yalikuwa kweli. Ila wewe ulikuwa na gari nje."

Hilo ndilo nililolileta kutoka Chanika, na bado sijajua niliweke wapi. Hasira yangu haijapungua hata kidogo. Nawachukia walewale niliowachukia nikiwa Buguruni, wenye midomo ya satelaiti na mikono ya utepe. Lakini sasa najua kwamba kukasirika nikapanda gari nikarudi kwangu ni jambo jepesi, na kwamba nchi hii ina watu wenye sauti ya chini wanaobaki nyuma kulipia.

Kabla hajakata simu aliniuliza kama Zuhura amekwisha kuurekebisha ule mstari. Nikamwambia ameurekebisha. Akasema vizuri, maana shule aliyopelekwa nayo ina bonde.