Mwalimu Leticia, aliyefundisha chuma kusalimia

Tumetoka kumzika Mwalimu Leticia, na mimi bado nabisha kwamba amekufa. Nikibisha mnanijua.

Naandika mwenyewe kwenye simu, kwa dole gumba. Shule niliiacha darasa la pili nikafuata ng'ombe, lakini kuanzia Mwamapalala mpaka Bariadi mjini nitajieni anayenishinda kufundisha maksai. Hayupo!

Leticia ndiye aliyeanzisha klabu ya roboti shuleni kwa mjukuu wangu Kabula. Roboti yao ni kigari kinachojiendesha, chenye kichwa mbele na koleo la kubebea pamba. Magurudumu waliyavisha mpira wa viatu vyangu vya katambuga.

Mashindano yao ya kwanza nilikuwepo. Kengele ya muda ikalia. Watoto wetu, badala ya kuwasha kigari, wakapiga goti kuwasalimia majaji mmoja mmoja. "Mwadila!" Jaji mmoja Msukuma akanogewa: "Mwadila! Wewe wa kwa nani?" Koo zilipokwisha kutajwa, muda nao kwisha. Kigari hakijasogea hata shibiri.

Ukumbi ukacheka. Mwalimu wa shule nyingine akaniambia, "Mzee, salamu zenu zimewaponza. Hapa siyo ukweni."

Nikawaka. Adabu hiyo niliwafunza mimi! Nikamwambia Leticia mbele ya watu: "Salamu ikiachwa, Kabula naye anaacha klabu." Na Kabula ndiye aliyejua nyaya zote. Bila yeye hakuna klabu.

Hakugomba. Akaniita babu, kama Kabula anavyoniita: "Guku, salamu haiachwi. Tutaifundisha mashine isalimie kwa niaba ya wote."

"Chuma kina adabu?"

"Kwani maksai wako walizaliwa nayo?"

Jamani! Nikamwambia aje zizini ajionee.

Kesho yake akaja zizini kutazama ninavyozoesha maksai: jambo moja mpaka walijue, ndipo la pili. Akaenda kuandika programu hivyohivyo na watoto. Kwa hiyo kocha mkuu wa roboti ile ni mimi, asibishe mtu.

Mashindano ya kufunga msimu, kengele ikalia. Kigari kikasogea mbele ya majaji. Kikainamisha kichwa mpaka chini, kikatulia kama binti mbele ya wakwe, kikainuka. Ndipo kikabeba pamba kidogo kidogo mpaka kapuni, na hakuna mkono uliokigusa.

Majaji wakasimama. Nikavua kofia, hii ambayo sijamvulia hata mkuu wa wilaya. Kikombe walichukua wengine, wakae nacho.

Leo Kabula amekiweka kigari kando ya kaburi. Kikainama. Kikabaki hapohapo chini, hakiinuki.

Nikadhani kimekwama kwenye udongo. Kabula akaninong'oneza, "Guku, kinasubiri kuitikiwa."

Watu wote wananitazama. Nikavua kofia, nikaitikia kwa niaba ya Mwalimu: "Mwadila."

Kabula akabonyeza kitufe. Kikainuka.

Basi, mayu, mama yetu Leticia, sibishi tena. Salamu yako imeitikiwa. Ulale vizuri.