Mkalimani wa Mama Mkwe

Watu huniuliza ilikuwaje mwanamume mzima, baba wa watoto wawili, nikageuka mkalimani wa mama mkwe wangu, tena katika mambo ya mwili wake. Mie mwenyewe sijui vizuri. Kila hatua iliyonifikisha pale nikiitazama peke yake naona ilikuwa sawa. Nikiziunganisha, kichwa kinazunguka.

Mama mkwe alikuwa anakaa Columbus, huku Amerika, mtaa wa Linden, kwa kijana wake wa kwanza. Figo zilishamfia kitambo, pengine kwenye kambi ya wakimbizi, pengine kabla, hakuna ajuaye. Kule Columbus ndiko walikomtengenezea fistula ya kwanza, mkono wa kushoto. Asiyejua fistula ni nini, ni pale madaktari wanapounganisha mishipa miwili ya mkono mpaka inavimba, inakuwa minene ya kutosha kupokea sindano kubwa. Damu inatoka, inapita kwenye mashine inasafishwa, inarudi, mara tatu kwa wiki. Ya kushoto iliziba kabla ya mwaka kwisha. Wakamtengenezea ya kulia, wakatuambia wazi kwamba mishipa yake ni myembamba, hakuna pengine pa kujaribu, kwa hiyo mkono huu tuutunze kama mboni ya jicho.

Shemeji yangu yule anakaa ghorofa ya tatu, na mama akitoka kwenye mashine magoti hayana nguvu ya ngazi. Mke wangu akasema mama aje kwetu Louisville. Akaja. Miezi minne baadaye mke wangu akapata nafasi ya kusomea shahada ya pili Amherst, pembeni ya Buffalo, miaka miwili. Sikuweza kumkatalia, maana aliitafuta nafasi hiyo tangu hatujaoana. Akafunga masanduku, akaenda. Nikabaki Okolona, mtaa wetu wa Louisville, na watoto wanaonijibu kwa Kiingereza, zamu yangu ya jioni ghalani, na mama mkwe wa kumpeleka kliniki Jumatatu, Jumatano na Ijumaa asubuhi.

Sasa hapo ndipo penye kazi. Kwao, upande wa Uvira, mkwe wa kiume na mama mkwe hawatazamani usoni. Hawashikani mikono, hawali meza moja. Kwetu Kigoma mambo hayo yapo, ila tumeyalegeza, na mimi nilidhani Amerika yatalegea zaidi. Wapi! Chakula chake nilikuwa nakiweka kwenye kigoda nje ya mlango wa chumba chake, nagonga, naondoka. Akitaka jambo alisema na ukuta: "Hapa chumvi imeisha," nami nikiwa jikoni nasikia, nakwenda dukani. Kwenye gari alikaa nyuma yangu, na kile kioo cha katikati nilikigeuza kikatazama dari ili macho yetu yasikutane. Niliendesha kwa vioo vya pembeni. Polisi angenisimamisha akaniuliza, sijui ningeanzia wapi kumweleza.

Kliniki walikuwa na mkalimani wa simu, sauti ya mwanamume inayotoka kwenye kisanduku chenye magurudumu. Siku ya kwanza bila binti yake, aliyekuwa akimfasiria, mama akaiuliza ile sauti, "Baba, wewe ni wa wapi?" Sauti ikajibu kwamba hairuhusiwi kusema. Mama akaipa mgongo. Baadaye, akiwa ameugeukia ukuta, akasema, "Mutu hana kwabo, namna gani nimwambie mambo ya mwili yangu? Kesho nasikia kanisani." Kisha akasema maneno yaliyonivimbisha kichwa: "Mukwe atasema. Ya nyumbani ibaki nyumbani."

Nilijiona mtu wa maana. Nilimpigia mke wangu Buffalo siku hiyohiyo nikajisifu.

Mwezi wangu wa pili pale kliniki akaja dada mmoja wa utafiti, mpole, ana kompyuta bapa mkononi. Walikuwa wanachunguza taabu zinazowapata watu wa mashine: misuli kukaza, kizunguzungu, kuwashwa, presha kuanguka mtu akiwa bado kitini. Walitaka kujua kama maji ya mwilini yakitolewa polepole, kwa kuongeza saa moja ya kukaa, taabu zinapungua. Nusu ya wagonjwa wangeongezewa ile saa na nusu wangebaki kama zamani, na kompyuta ndiyo ingepiga kura nani aende wapi. Kila Ijumaa mgonjwa angejibu maswali. Fomu ya kukubali ilisomwa na ile sauti ya kisanduku, neno kwa neno, na siku hiyo mama aliivumilia mpaka mwisho. Dada akamwambia kwamba huenda yeye asifaidike, ila majibu yake yatawasaidia watakaougua baadaye.

"Bon," mama akasema. "Kama ni ya kusaidia benye bako nyuma, aandike."

Akaweka sahihi polepole, akiuma ulimi kwa juhudi. Kura ikamwacha katika kundi la zamani, bila saa ya nyongeza. Kwa maswali ya kila Ijumaa akaniomba mimi, na dada akakubali.

Ijumaa ya kwanza nilianza vizuri. Ukurasa wa kwanza uliuliza usingizi, hamu ya kula, uchovu. Niliuliza nikiwa nimetazama sakafu, mama akajibu akiwa ametazama televisheni. Basi tukafungua ukurasa wa pili. Swali la kwanza lilikuwa la haja, kubwa na ndogo, mara ngapi na rangi gani. Chini yake nikaona la kuwashwa sehemu za siri. Na chini yake, jamani, waliuliza habari za kitandani: hamu ikoje, na kama ugonjwa umeathiri raha yake. Mjane wa miaka sitini na nane! Nimuulize mimi, niliyemuoa binti yake!

Nilihisi masikio yanaungua. Dada wa utafiti akasubiri kwa tabasamu, kalamu juu ya kioo. Mama naye akasubiri, maana aliona Kiingereza kirefu kimesemwa na bado Kiswahili hakijatoka.

"Mama," nikasema, "wanakusalimia sana. Wanauliza kama hali kwa ujumla ni nzuri."

"Niko muzima," mama akasema. "Nabo nabasalimia."

Nikamgeukia dada nikamwambia kwa Kiingereza: ukurasa huu wote, hapana. Hana tatizo hata moja.

Ndivyo ilivyokwenda, Ijumaa baada ya Ijumaa. Niliona nimepata njia ya busara: mama amesitirika, dada amepata majibu yake, mimi nimelinda ukwe. Baada ya wiki chache hata sikuutazama tena ukurasa wa pili. Dada akiufungua tu natikisa kichwa, naye anagusa, anagusa, anagusa hapana mpaka chini.

Kilichoanza kunichanganya ni kwamba mama hakuwa anaonekana mzima. Siku moja baada ya chakula cha mchana nilimkuta ukumbini akijisugua mgongo kwenye ukingo wa mlango, macho ameyafumba, anajisugua kama ng'ombe kwenye mti. Alivyonisikia akasimama wima. Nikapita kama sikuona, maana mkwe haoni. Siku nyingine nilisikia akiguna chumbani, mguu umemkaza, nikaongeza sauti ya redio ili asijue nimesikia. Tena vitenge vyake vilianza kuoshwa kila mara bafuni, kwa maji baridi, na mlango umefungwa. Nikajiambia ni usafi wake. Wanawake wa kwao ni wasafi.

Nikaenda kumuuliza daktari, nimezungukazunguka kama mtu aliyepoteza funguo. Nikamwambia naona mama amechoka. Daktari akafungua kompyuta, akatazama fomu za utafiti, akafurahi. Alisema mama ni miongoni mwa wanaoendelea vizuri kuliko wote, hata kuwashinda walioongezewa saa, na wenyewe hawaelewi kwa nini. Kwa kuwa hana lalamiko lolote, hakuona sababu ya kubadilisha kiasi cha maji kinachotolewa wala kuuchunguza mkono.

Nikatoka pale nimeduwaa. Unaweza kucheka, lakini nilimwamini. Yale majibu niliyatunga mwenyewe, kisha yaliporudi kutoka kinywani mwa daktari, yakiwa na namba na mistari ya rangi, nikayaamini. Nikajiona mimi ndiye ninayeona vibaya. Mke wangu akipiga simu kuuliza mama anaendeleaje, nilimjibu: daktari amesema ni wa kwanza darasani. Yeye akasema, "Mume wangu, mficha maradhi kilio humuumbua. Mwangalie vizuri mama yangu." Nikakasirika. Nimwangalie vizuri vipi, na kumwangalia ndiko nilikokatazwa?

Ilikuwa Ijumaa saa nane mchana, tunarudi. Tulikuwa tumeshapita taa za barabara ya Preston, tunakaribia nyumbani, aliposema kwa sauti ya chini, "Baba, simamisha motokari kidogo."

Nikadhani kichefuchefu. Nikaingia uwanja wa duka la matairi, nikazima gari, nikasubiri afungue mlango. Hakufungua. Nikasubiri zaidi, nimetazama mbele, adabu zangu zote kichwani. Nikamwita, "Mama?" Ndipo nikageuka.

Kitenge kizima cha mapajani kilikuwa kimelowa. Mkono wa kulia aliufunika kwa mtandio, na mtandio nao unadondosha mpaka kwenye zulia la gari. Pale sindano ilipotoka, damu ilikuwa inaruka kwa mapigo. Sikuwahi kuona damu nyingi hivyo ya mtu aliyekaa kimya.

Niliingia nyuma. Nilipoushika mkono akauvuta. "Hapana," akasema. "Wewe ni mukwe."

"Mama, nisamehe," nikasema, nikaushika tena, nikabana kwa vidole viwili kama nilivyowaona wauguzi wanavyobana, kwa nguvu zangu zote. Ulikuwa mkono mwembamba, wa moto, na chini ya vidole nilihisi mshipa unapiga kama unagombana na mimi. Kwa mkono wa pili niliita gari la wagonjwa. Yeye kwa mkono wake wa kushoto aliokota ncha ya mtandio, ncha iliyobaki kavu, akajifunika uso nisimwone. Tukakaa hivyo, mimi nimemshika na yeye amejifunika, mpaka wakaja. Nilikuwa naogopa atakufa, na huku nikiwaza kama nimemkosea heshima. Yote mawili kwa pamoja, katika kichwa kimoja.

Hospitali walizuia damu. Kabla jua halijazama alikuja daktari wa mishipa, akavuta kiti. Alisema ndani ya ule mshipa palikuwa pamejibana, na pakibana hivyo damu hukosa njia, hugoma kukauka sindano ikishatoka. Inaanza kidogo kidogo, mtu akifika nyumbani. Ikijulikana mapema hupanuliwa kwa kipira kinachovimbishwa ndani ya mshipa, mgonjwa anarudi nyumbani siku hiyohiyo. Wamejaribu, mshipa umeshafunga. Mkono wa kulia umekwisha. Kuanzia sasa watampitishia mpira wa kutolea damu kifuani, karibu na moyo, na mpira wa kifuani hushika maambukizi upesi, kwa hiyo tuombe Mungu.

Akauliza kama aite mkalimani wa simu. Mama alielewa, maana kile kisanduku kilikuwa kimesimama mlangoni. Akatikisa kichwa. Akanionyesha mimi kwa kidevu.

Daktari akauliza: ilianza lini kutoka damu nyumbani?

Nikamuuliza mama.

"Tangu Pasaka," mama akasema. "Ilikuwa inatoka, nafunga na kitenge, inaisha. Kisha ikakataa kuisha."

Daktari akapekua kompyuta, paji la uso limekunjamana. Alisema haelewi. Hapa kuna fomu za utafiti za kila Ijumaa. Swali la fistula kutoka damu nyumbani liko ukurasa wa pili, na kila wiki tangu Pasaka limejibiwa hapana. Akataka kujua kwa nini mama alikuwa anajibu hapana.

Sikujua kama swali hilo lilikuwepo. Nililirudia kwa Kiswahili polepole, nikitafuta pa kulikata, nisipaone. "Mama, anauliza, kwa nini kila wiki ulikuwa unasema damu haitoki."

Mama mkwe akaigeuza shingo yake juu ya mto, akanitazama usoni. Ilikuwa mara ya kwanza tangu nimuoe binti yake. Hakuwa na hasira. Alikuwa anatafuta kitu usoni kwangu, kama mtu aliyeambiwa habari ya mtu mwingine mwenye jina lake.

"Umwambie," akasema, "hakuna mutu aliniuliza."

Daktari akanigeukia, anasubiri Kiingereza. Nikamwambia, neno kwa neno.