Gunia au Rozalie

Ukimuuliza Emil Kubena njia ya kwenda mahali asipowahi kufika, atakuelekeza mpaka pa kupindia. Neno "sijui" halikuwahi kupita kinywani mwake. Wacheki wenzake wa pale Texas, watu wa pamba na dansi ya polka, walikwishamzoea: walimuuliza, wakamshukuru, kisha wakaenda kumuuliza mtu mwingine.

Sasa huyo mjuaji wetu akaja kuumia mgongo. Ijumaa, kwenye jineri, kiwanda cha kuchambulia pamba, alikokuwa kibarua, alinyanyua gunia la mbegu akasikia kitu kimemchoma kiunoni. Wenzake walimwona akishika kiuno, naye akaendelea kubeba. Jumamosi ukumbini bendi ikapiga polka, naye akamchukua mjane Rozalie Vacek, mwanamke aliyeshiba kwelikweli, akamnyanyua ili amzungushe. Walianguka wote wawili, ila aliyeinuka ni Rozalie peke yake.

Hospitali akaja mtu wa bima ya familia, ile isiyolipa ajali za kazini.

"Mzee Emil, umeumia wapi?"

"Kwenye dansi. Hilo halina mjadala."

Akatia sahihi, wakalipa kitanda na dawa. Baadaye daktari akasema bila upasuaji Emil hatasimama wima tena maisha yake, na kazi ndiyo basi. Jineri nayo ikamleta mtu wa bima ya kazini.

"Ni lile gunia, au?"

"Gunia, kwani nini kingine? Nisiujue mgongo wangu mwenyewe?"

Hakudanganya, jamani. Kila alipojibu aliamini anachokisema. Lakini mshika mbili moja humponyoka, na huyu zilimponyoka zote. Bima ya familia iliposikia habari za gunia, ikafunga mkoba. Ya kazini iliposikia habari za dansi, ikamwambia arudi kwa mjane wake. Emil akabaki kitandani kajikunja kama mundu.

Wakili wake, Ludmila Hruska, binti wa jirani, akaja kumweleza nyumbani.

"Mzee Emil, sheria inasema ukiwa na madai mawili yanayopingana, uchague moja. Ukishachagua na kula matunda yake, la pili limefungwa. Bima ya kazini inasema wewe ulishachagua dansi."

"Basi nimekwisha."

"Bado. Anayechagua ni yule anayejua anachochagua. Ulikuwa unajua kweli ni kipi kilichokuumiza?"

Emil akaanza kusema gunia, akageukia dansi, akakwama.

"Basi jaji akikuuliza," Ludmila akasema, "mwambie hivyo hivyo. Hujui."

"Niseme nini?" Alimtazama kama aliyeambiwa avue suruali kanisani.

"Sijui."

"Hakuna neno jingine?"

"Ni hilo, au ulale ulivyolala mpaka kaburini."

Mkewe Albina alikuwa pembeni anamenya viazi. "Binti, mwambie apae," akasema. "Kupaa atajaribu."

Siku ya kesi nusu ya mji ilikuwa mahakamani. Rozalie alikaa mbele kabisa na kofia yake ya Pasaka, asikie kama atatajwa kuwa mzigo. Wakili wa bima ya kazini akasimama.

"Bwana Kubena, kwa wenzetu ulisema dansi. Kwetu ukasema gunia. Ni lipi?"

"Kitaalamu," Emil akaanza, "mgongo wa binadamu..."

Ludmila akakohoa.

"Yaani ule mfupa, kwa kawaida..."

Akakohoa tena, safari hii kikohozi cha hasira. Jasho likamtiririka Emil mpaka kwenye kola. Jaji akainama mbele.

"Nikuulize mimi. Siku ulipotia sahihi, ulikuwa unajua ni kipi kilichokuumiza?"

Mtu yule alitia huruma. Alifumba macho.

"Sijui, mheshimiwa. Siku ile sikujua, na leo sijui."

Alilisema kwa sauti ndogo mno hata karani akamwomba arudie, naye akarudia. Nyuma mtu mmoja akapiga makofi, akatolewa nje. "Afadhali," akasema Rozalie, akaiweka sawa kofia yake.

Jaji akaamua kwamba asiyejua hajachagua. Na kwa kuwa daktari alishaeleza mahakamani kuwa maumivu yalianzia kwenye gunia, bima ya kazini ikaamriwa kulipia upasuaji.

Albina alikuwa amecheka mpaka machozi. Nje, akimshika mkono kushuka ngazi, kicheko kilikuwa kimekwisha.

"Emil, mama yangu alipolazwa nilikuuliza kama atapona. Ukaniambia atapona, niendelee na mavuno. Sikuwahi kumuaga."

Emil akasimama pale pale kwenye ngazi, kainama.

"Sikujua," akasema. "Niliona unavyoniangalia, nikaogopa kukwambia sijui."

Albina akamshika vizuri kwapani, wakaendelea kushuka.