Nembo Tano za Bibi

Mnivumilie kwa mwandiko huu. Shule niliishia darasa la saba, na kalamu mkononi mwangu hutembea kama mtu aliyevaa viatu vinavyobana. Ukikuta herufi imeanguka, iokote mwenyewe uendelee.

Juzi nilipita barabara ya Guangyuan Xilu, hapa Guangzhou, Uchina, kufuata mzigo wa nguo za watoto, nikamkuta mchukuzi amefunika marobota yake kwa kitenge cha rangi ya udongo, kimechakaa, kina michoro. Nilisimama njiani hadi watu wakanisukuma. Mchoro ule niliuchora mimi nikiwa na miaka kumi. Niliuchora kwa chuki.

Miaka ya tisini ilikuwa inaishia. Mama alinunua nguo hapa za kupeleka nyumbani, na tuliishi chumba kimoja karibu na masoko ya Liuhua, yeye, mimi na bibi mzaa mama aliyeletwa kunilea. Kutwa tulisikia utepe wa gundi ukivutwa kufunga marobota, kraa, kraa, hadi bibi akasema mji huu unachanwa kila siku na haushonwi. Sembe haikupatikana. Alisonga ugali wa unga wa mchele, akilalamika kuwa unateleza kooni kama uongo.

Bibi alikuwa Mmakonde wa Newala, na alichanjwa nembo tangu usichana: usoni, mikononi, tumboni, mgongoni. Zilikuwa tisa. Aliahidi kunifundisha zote, moja kila Jumapili. Alitandaza unga kwenye sinia, akachora kwa kidole, nami nikairudia mpaka mkono ukazoea. Kisha aliufuta unga na kuupika.

"Usiitie kwenye karatasi," alisema. "Nembo ina mwenyewe."

Mistari ya paji la uso, inayopanda na kushuka, ilisema: sisi ni watu wa nchi ya juu, tunaoshuka bondeni kutafuta maji na kupanda tena. Pembe zilizofuatana mkono wa kulia walikuwa wasichana aliochezwa nao unyago. Pengine kijiji kingine walizisoma vingine. Mimi nasema alivyoniambia bibi. Ya tano ilikuwa mkono wa kushoto, nukta moja iliyofungiwa ndani ya pembe mbili. Alipoichora, kidole kilikawia. "Huyu ni mjomba wako," alisema. "Nilimzika kabla hajatembea."

Mlango wa pili aliishi mama mmoja mfanyabiashara, Mtanzania mwenzetu wa mji mwingine. Tukikutana kwenye ngazi, hakuacha kumchokoza bibi.

"Bibi, hiyo ramani ya usoni inakwenda wapi? Stesheni?"

"Inakwenda kwetu, mwanangu. Wewe ukipotea, watakurudisha wapi?"

Wenzake walimcheka yeye, na nadhani hakusahau. Siku moja alimleta laoban wake, yaani tajiri Mchina mwenye kiwanda cha kuchapa vitambaa. Yule mama alimshika bibi kidevu, akamgeuza uso huku na huku kama anachagua papai. "Laoban, tazama! Hii, hii!" Mtandio wa bibi ulianguka. Bibi aliuokota akajitanda upya. Mimi, mtoto niliyeona haya hata kuamkia watu, nilimkazia macho yule mama mpaka akatoka.

Wiki ile ile alinijia na pakiti ya biskuti. "Mjukuu, mkono wako mwepesi. Nichoree nembo ya bibi harusi. Vitenge nitavipeleka hadi kwenu Newala, watavigombania!"

Nilichukua kipande cha boksi, nikamchorea ya tano.

"Ndiyo hii, shangazi. Ya bibi harusi."

Vitenge vikachapwa, kontena likaondoka. Biskuti sikuzila, niliziweka. Miezi ikapita, habari ikafika: sokoni Newala vikongwe waliona vitenge vile wakafunika nyuso, na mmoja alimwuliza muuzaji, "Nani kawatuma mumvishe bibi harusi kaburi la mtoto?" Hakikuuzwa hata kimoja, na majora yaliyobaki kiwandani huku Guangzhou yakaishia kufunikia mizigo. Yule mama aliupiga mlango wetu kwa ngumi, "Mmeniroga! Kizee na mjukuu wake mmeniroga!" Nami nilikaa nyuma ya mlango nikizitafuna biskuti zake, moja baada ya nyingine. Zilikuwa zimelainika. Sijala kitu kitamu kama kile.

Alipochoka akaondoka, bibi aliniita.

"Ulimchorea ya mjomba wako?"

"Ndiyo, bibi."

"Aliyeshikwa kidevu ni nani?"

"Wewe, bibi."

"Basi kisasi kilikuwa changu, na mtoto aliyezikwa ni wangu. Umenichukulia vyote viwili."

Jumapili iliyofuata aliumimina unga moja kwa moja sufuriani. Hivyo hivyo Jumapili zote, mpaka aliporudi nyumbani, na huko akafa. Nembo nne za tumboni na mgongoni zilishuka naye kaburini. Liuhua utepe bado unavutwa, lakini hakuna sinia, hakuna kidole.

Usidhani nimejuta. Nilipokiona kitenge kile kimefunika mzigo, nilifurahi kwamba hakikupata mwili wa kuvaliwa. Yule mama akija leo na biskuti, nitamchorea tena ile ile. Ila siku zile zingerudi, kwanza ningengoja Jumapili nne, nembo zote tisa ziishe.

Wewe unayesoma, kama una bibi wa nchi ya juu mwenye nembo mgongoni, mwombe ruhusa, umwulize zinasema nini, kisha uniandikie. Usinichoree. Nitumie maneno tu, unga ninao.