Beberu Aliyepelekwa Mwanza

Mseti alikuwa fundi wa injini za ndege Mwanza, na nyumbani kwao Butiama alitajwa kwa majivuno. Kisha akarudi na begi, amefukuzwa.

"Umeiba?" akauliza baba yake, Mzee Makongoro.

"Hapana, baba. Nimekataa kuidhinisha injini."

Akamweleza. Moto wa mle ndani ni mkali kuliko chuma kinavyoweza kuvumilia. Kinachoyaokoa mapangaboi, yale mabapa yanayozungushwa na moto huo, ni hewa inayochotwa mbele, kabla haijafika motoni. Inapita ndani ya kila pangaboi na kutokea kwenye vitundu vidogo, ikilifunika kama utando juu ya maziwa. Vumbi limeziba vitundu. Mapangaboi yameanza kuungua. Likikatika moja angani, watu wanakwisha.

"Edwin, bosi wangu, anasema iruke tu. Nimemshtaki kwa wakaguzi. Wameniita."

"Wewe ulikuwaga mbishi tangu unachunga ng'ombe," mzee akasema.

"Mbishi?" Bhoke, mke wa Mseti, akacheka. "Kwangu mbona anashindwaga kila siku?"

Mzee hakucheka. Kwao, mkubwa aliyekosewa hupelekewa mnyama. Wakishakula pamoja, neno limekufa, na anayelifufua ni mwovu. Basi kwa mapenzi ya mzazi, bila kumwambia mtu, akapakia beberu kwenye lori akaenda Mwanza. Edwin alimpokea kwa heshima, akachinja, akala naye, wakapiga picha.

Picha hiyo ndiyo Mseti aliyoikuta mbele ya wakaguzi.

"Baba yake mwenyewe amekuja kuniomba radhi," Edwin alisema kwa upole. "Kijana alikuwa na hasira tu."

"Ichungulieni injini!" Mseti akalia. Hakuna aliyeinuka. Suluhu isiyouliza kwanza ukweli uko wapi humtumikia mwovu, na siku hiyo ilimtumikia vizuri.

Alipofika Butiama mzee alikuwa anamngoja mlangoni, uso umekunjuka.

"Wamekurudisha kazini?"

"Baba, kwa nini ulikwenda? Nitamshtaki tena, kwa wakubwa zaidi."

"Thubutu! Tumekula. Neno limekufa. Ukilifufua, usiniite baba."

"Ile injini haikula, baba."

Mzee akamtazama kama mtu anayemtazama mwana aliyepotea, akaingia ndani. Bhoke naye akainamisha kichwa.

Saa hiyo hiyo, Mwanza, ndege yenye injini ile ilikuwa inapakia abiria.