Nyasi Nilizoziacha Shambani

Masharti yalikuwa mepesi kuyaelewa. Ningelala kwa yule mama, ningekula kwake, ningekwenda shule nikitokea kwake, na mimi ningemsaidia shamba nikitoka darasani na siku za Jumamosi. Jembe likinishinda, ningerudi kwetu. Aliyasema hayo amesimama mlangoni mwa nyumba yake ya matofali pale Ganako, mikono imejaa unga, akimwangalia baba yangu, si mimi.

"Mzee, mimi ni mjane na shamba halinisubiri. Akiweza, atakaa mpaka amalize shule. Asipoweza sitakudanganya, utakuja kumchukua mtoto wako."

Mwinjilisti aliyetuleta akatafsiri kwa Kimaasai. Baba akaitikia kwa kichwa, kana kwamba kulima ni kitu ambacho binti yake alizaliwa nacho.

Wala sikuzaliwa nacho. Kwetu ni juu, ndani ya hifadhi ya Ngorongoro, na huko kulima hakuruhusiwi. Hata kabla ya kukatazwa, wazee wetu hawakuona sababu ya kuitoboa ardhi inayowalishia ng'ombe. Nilikuwa nimefaulu darasa la saba na kupangiwa sekondari ya kutwa Karatu mjini, shule isiyo na bweni, na kutoka bomani kwetu mpaka pale si mwendo wa mtu kwenda asubuhi na kurudi jioni. Bila kitanda cha Ganako, hakuna shule. Nililijua hilo vizuri, na baba alilijua, ndiyo maana hakusema neno kuhusu jembe.

Nikasogea kumsalimia mama mwenyeji. Kwetu mtoto akikutana na mtu mzima huinamisha kichwa, na mtu mzima humgusa utosini kwa kiganja. Basi, umeshasalimiwa, na umeshajua kwamba umeonekana. Nikakiinamisha changu, kimenyolewa vizuri kwa ajili ya shule, nikangoja.

Mama akainama kukichunguza. Alikizunguka upande huu na upande ule, halafu akamgeukia mwinjilisti.

"Ana mapunye?"

Mwinjilisti akakohoa. Baba hakuelewa Kiswahili kile, na nashukuru hakuelewa. Aliponiaga alinigusa utosini mkono wake ukakaa pale kidogo, kisha akaondoka na fimbo yake kuelekea barabara kubwa bila kugeuka nyuma. Sikulia mbele ya yule mama. Nililia chooni, na nadhani alinisikia, kwa sababu chakula cha jioni kilikuja na kikombe cha maziwa ambacho baadaye niligundua hakikuwa desturi ya nyumba ile.

Mama alikuwa Mwiraqw, watoto wake wamekwishaolewa na kuoa, na nyumba ilikuwa na ukimya wa mtu aliyezoea kuongea na kuku. Hakuwa mtu wa maneno matamu. Lakini alikuwa na utani wake. Jioni za kwanza alinisimulia kwamba zamani, kule Mbulu, mababu zao walichimba nyumba ndani ya vilima wakajificha humo na mifugo yao kwa kuwaogopa watu wangu. "Bibi yangu angefufuka leo," alisema, akipepeta maharage, "angekuta Mmasai amelala kwangu na mlango sijafunga komeo. Angerudi kaburini mwenyewe."

Nilicheka, ingawa sikujua kama naruhusiwa.

Shuleni sikucheka sana. Masomo yote yalikuwa kwa Kiingereza, na mimi hata Kiswahili changu kilikuwa cha shule ya msingi, kile cha kujibu maswali. Wenzangu wakiongea haraka nilibaki nyuma. Muhula wa kwanza nilikuwa miongoni mwa wale wa mkiani, na mwalimu mmoja akaniambia kwa upole kabisa kwamba si kila mtu ameumbiwa kusoma. Upole wake uliniudhi kuliko fimbo. Nilirudi Ganako siku hiyo nikitembea kwa hasira, huku magari ya watalii yakinipita na vumbi lao jekundu yakipanda kwetu. Kila siku yalipanda. Watu waliotoka ng'ambo walikuwa wanaenda kuwaona ng'ombe wa baba yangu, na mimi nilikuwa siwezi kwenda. Nikajiambia kwamba kama ni hivyo, basi huku chini nitapata kitu cha kufidia hilo.

Kisha ikaja palizi.

Mvua ilikuwa imenyesha vizuri, mahindi yamefika magotini. Siku za nyuma nilikuwa nimepalilia pamoja na mama kipande cha juu chenye mahindi matupu, na malengelenge ya viganja vyangu yalikuwa yameanza kugeuka ngozi. Nilijiona mkulima. Basi siku ya mnada, mama alipokuwa anashuka mjini kuuza kuku, akanionyesha kipande cha chini. "Palilia hapa mpaka kwenye mgomba. Usikate mahindi."

Sikukata hindi hata moja. Katikati ya mistari kulikuwa na mimea ya aina mbili. Kulikuwa na vimea vifupi vyenye majani mapana, laini, ambavyo sikuwahi kuviona maishani mwangu. Na kulikuwa na nyasi, changa, nyembamba, zimesimama kijani kibichi baada ya mvua.

Naomba nieleweke. Kwetu nyasi haing'olewi hovyo. Nyasi ni ng'ombe, na ng'ombe ni sisi. Mvua ikichelewa watu wanaisubiri nyasi kwa maombi. Mtoto anayeng'oa nyasi kwa mchezo anakemewa na mtu yeyote anayepita. Kwa hiyo ulipofika wakati wa kuchagua kipi ni uchafu na kipi ni mali, sikupata hata shida ya kufikiri. Niliving'oa vile vimea vya majani mapana vyote, kimoja kimoja, na mizizi yake. Pale nyasi zilipokuwa zimelala nilizinyanyua. Vile vimea nikavipanga lundo zuri kwenye mgomba ili mama akija aone kazi.

Akaja, akasimama. Akalitazama lundo, akalitazama shamba, akakaa chini kwenye tuta na mfuko wake wa mnadani mapajani.

"Umeniachia nyasi," akasema.

"Ndiyo, mama. Ni nzuri."

"Nzuri kwa nani?"

"Kwa ng'ombe."

Halafu akaokota kimea kimoja kwenye lundo, akakiinua mbele ya macho yangu. "Haya ni maharage, mwanangu. Haya ndiyo yale unayokula."

Nilikuwa nimeyaona maharage ndani ya gunia na ndani ya sufuria. Kwamba kabla ya hapo yana majani, hakuna aliyewahi kuniambia. Mama aliongea kwa lugha yake kwa muda, si kwa ukali, zaidi kama mtu anayejihesabia hasara. Kisha akarudi kwenye Kiswahili ili nisikie vizuri: "Mimi sikulaumu. Lakini nilisema mlangoni, na baba yako alisikia. Jembe si kazi yako."

Nikaliona darasa langu likifungwa mlango.

Nikafanya kitu pekee nilichojua. Nikainama nikang'oa nyasi kwa mikono yote miwili, nikasimama mbele yake nimezishika kifuani. Kwetu mtu aliyekukosea akikujia na nyasi mkononi, huwezi kumpiga wala kumfukuza. Hata adui. Hakuna ombi zito kuliko hilo, na kwa nyasi zile zile nilizozilea asubuhi nzima, nililipeleka kwa yule mama kwa moyo wangu wote.

Mama akaangalia mikono yangu. Uso wake ukalegea kidogo.

"Ehe," akasema. "Hizo ndizo za kung'oa. Endelea."

Nikaendelea. Ningefanya nini? Niling'oa nyasi nikazishika mbele yake, akaonyesha kwa kidole nyingine, nikang'oa na zile. Nililia na kuomba msamaha na kupalilia, yote kwa pamoja, mstari baada ya mstari, na yeye nyuma yangu akisema, "Na hapo. Na hapo." Jioni shamba lilikuwa safi kabisa, halina nyasi na halina maharage. Nilimsikia akiwa jikoni anaongea na simu kwa Kiiraqw, mazungumzo marefu, na jina la mwinjilisti likipita humo.

Kesho yake niliamka kabla yake. Nilimngoja mlangoni nikamwomba mbegu. Alinitazama tu, akaingia ndani, akatoka na bakuli la maharage ya kula. Nilipanda kabla ya shule na nikapanda baada ya shule. Siku ya pili alishuka kuniona, akanikuta nachimba mashimo marefu kama ya kuzikia mbwa. Akapiga magoti pembeni yangu akanionyesha, kidole chake ndani ya udongo mpaka kwenye kifundo, mbegu, udongo, kiganja juu yake. Tukaenda pamoja hivyo mpaka kwenye mgomba. Mimi nilikuwa nakariri vitenzi vya Kiingereza kwa sauti, kitenzi kwa kila shimo, na yeye hakuuliza ni nini.

Jumamosi mwinjilisti akaja. Nilikuwa nimefunga nguo zangu kwenye shuka na kuziweka chini ya kitanda. Yeye na mama walisimama shambani kwenye mistari iliyorudishiwa mbegu, wakaongea. Halafu wakaja ndani, akanywa chai, akasali, akaenda zake. "Alikuja kwa maombi," mama akaniambia. Nikafungua lile furushi bila kelele.

Maharage yaliota, yamechelewa lakini yameota. Mimi nami hivyo hivyo. Kidato cha pili sikuwa tena mkiani, na yule mwalimu mpole akaanza kunipa vitabu vyake. Jioni mama alikuwa ananiuliza, "Leo wamekufundisha nini?" na mimi namweleza moyo unavyosukuma damu, naye anasema moyo wa kuku anaujua ulivyo, tusonge mbele.

Mwaka huo baba alishuka kuniona. Nilimkimbilia pale kwenye lango, nikainamisha kichwa, akanigusa utosini, akanisalimia kwa Kimaasai, "Takwenya," nami nikaitikia "Iko." Mama alikuwa mlangoni na ungo wake. Aliacha kupepeta.

"Kumbe," akasema.

Kesho yake asubuhi, nikiwa na madaftari kwapani, akaniita. "Wewe. Kilete hicho kichwa." Nikakileta. Akanigusa kwa kiganja chenye unga, kwa nguvu kidogo kuliko inavyotakiwa, nikaenda shule na alama nyeupe utosini na sikumruhusu mtu aifute. Tangu siku hiyo hakuacha, hata zile asubuhi alizokuwa amenikasirikia.

Matokeo ya kidato cha nne yalipotoka nilikuwa nimefaulu, nimepangiwa shule ya bweni mkoa mwingine. Jioni ya mwisho tulikaa tunapukuchua maharage, na ndipo nikamsimulia habari ya nyasi. Kwamba siku ile sikuwa napalilia. Nilidhani atacheka. Mikono yake ikasimama ndani ya ungo, kisha akaendelea kupukuchua mpaka tukaingia kulala.

Asubuhi bodaboda akaja, sanduku langu likafungwa nyuma. Mama hakuwepo mlangoni. Nikamwona anatoka upande wa shamba, viatu vimelowa umande, na mkononi ameshika nyasi kama mtu anayepeleka mboga jikoni.

"Ile Jumamosi hakuja kwa maombi," akasema. "Mimi ndiye nilimpigia. Nilimwambia aje akurudishe kwenu. Nilikuwa nimeshakuondoa moyoni, ndipo ukaniomba mbegu." Akasogeza ule mkono. "Ndivyo mnavyofanya kwenu?"

"Kwa mikono miwili, yeyo," nikasema. Yeyo ni mama, kwa lugha yetu. Sikuwahi kumwita hivyo.

Akaongeza mkono wa pili.

Kwetu mtu hasimamishwi muda mrefu akiwa na nyasi mikononi. Nikainamisha kichwa. Mikono yake ilikuwa imejaa, kwa hiyo alinigusa na nyasi zake zote, zilizolowa, na udongo kwenye mizizi. Nyingine zilidondokea ndani ya kola ya shati langu, zikaniwasha shingoni safari nzima, na sikuzitoa.